Ufa Kati ya Silinda ya Tatu na ya Nne

Jina lake la kuzaliwa walilikumbuka wachache. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilolitumia kuliko hata salamu. Alikuwa fundi wa malori tangu ujanani, na katika gereji zote alizopitia hakuna aliyewahi kumwona akiiharakisha boliti. Watani wake walisimulia kwamba hata siku ya harusi yake alichelewa, kwa kuwa aliona nati moja ya gari la bwana harusi imelegea, akavua koti na kuingia uvunguni. Wengine walisema huo ni uzushi. Mkewe akiulizwa alikuwa anacheka tu, hakubali wala hakatai.

Mke huyo aliugua muda mrefu, kisha akafariki, na nyumba nayo ikavunjika. Walikuwa wamejaliwa watoto wawili. Mkubwa, binti, alikuwa fundi wa simu, na ndiye aliyemuuguza mama yake: kumgeuza, kumlisha, kumwosha. Mdogo, wa kiume, alikuwa dereva wa gari la kusambaza soda. Alikuja mara chache, na kila alipokuja funguo zilikuwa zinacheza mkononi. Siku ya maziko, binti alimwambia nduguye mbele za watu, "Leo umepata nafasi, eh? Kwa vile hakuna tena wa kukuomba maji." Kijana aliondoka kabla watu hawajatawanyika. Tangu hapo kila mmoja akawa anakuja kumjulia baba hali kwa wakati wake, na kabla ya kuja anauliza kwanza kama yule mwingine yupo.

Taratibu hakujaliwa maneno. Mara mbili tatu alijaribu kuwasuluhisha, ulimi ukamwia mzito kama jiwe la kusagia. Alichokijua ni injini.

Ndiyo maana siku moja alirudi nyumbani na bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ya silinda sita kutoka kwenye yadi ya vyuma chakavu, imesukumwa kwa mkokoteni, imejaa tope na majani makavu. Nje ya mji palikuwa na kiwanja cha ndege kilichoachwa, ambako vijana walishindana magari siku za mapumziko. Mwanawe hakukosa kwenda kutazama, na alikuwa na gari kuukuu ambalo injini yake ilishakata roho. Taratibu akampigia simu.

"Nataka tuunde injini. Ya mbio. Kwa ajili ya gari lako."

"Baba, unanitania."

"Nimewahi kukutania?"

Kisha akampigia binti. "Nina kazi inayotaka mikono myepesi. Vidole vyangu siku hizi ni magogo." Hakumwambia nani mwingine ameitwa. Akamwomba pia shemeji yake, kaka wa marehemu, aliyekuwa na karakana ya kukereza vyuma. Mtu mnene, mwenye mdomo usiopumzika. Na jirani, fundi cherehani, alikuja bila kuitwa, kwa sababu ukuta wa nyumba zao ulikuwa mmoja na alishasikia kila kitu.

Jumamosi ya kwanza makochi yalisukumwa ukutani, bloku ikawekwa juu ya meza ya chuma katikati ya sebule. Binti alipofika mlangoni akamwona nduguye amechutama sakafuni anasugua kutu. Akageuka aondoke. Nyuma yake shemeji alikuwa anapanda ngazi na sanduku la vyuma begani.

"Mpwa wangu, ama pita ndani ama nipishe njia," alisema huku anahema. "Mgongo wangu hauna muda wa kusubiri kesi zenu."

Binti akapita ndani.

Wiki za mwanzo wakawa wanasemeshana kupitia kwa baba, ilhali wako hatua moja baina yao.

"Baba, mwambie aniletee taa karibu."

"Baba, mwambie taa kaikalia mwenyewe."

Fundi cherehani, aliyekuwa anakata gasketi, zile karatasi ngumu za kuziba maungio ya injini, kwa mkasi wake mkubwa, akainua kichwa. "Mzee Taratibu, wewe hapa si fundi. Wewe ni mnara wa simu." Shemeji alicheka mpaka akashika meza.

Injini ya mbio haipendi pistoni moja iwe nzito kuliko dada zake. Zikitofautiana, injini inatikisika hadi inajivunja yenyewe. Basi binti akaingia jikoni, akatoka na mizani ya unga ya mama yake. Aliiweka chini, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaanza kupima pistoni mojamoja na kuzipunguza kwa tupa nyembamba.

Kijana alimtazama. "Mama angetufukuza wote kwa hilo," alisema.

Binti alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akabaki amekunja uso kama aliyeibiwa. Lakini kilishatoka. Tangu siku ile baba hakubebeshwa tena ujumbe.

Taratibu alikuwa anawaangalia pembeni ya jicho na kuendelea na kazi. Jioni wakishaondoka aliketi kwenye kochi lililobanwa ukutani, kukiwa na harufu ya mafuta ya taa chumba kizima, akahisi kitu ambacho hakuthubutu kukiita furaha, asije akakitisha kikakimbia.

Shemeji aliichukua bloku karakanani kwake kuzipanua silinda ili ziingie pistoni kubwa zaidi. Ilirudi ndani yake inang'aa kama kioo. Asubuhi moja, akiwa peke yake uani, Taratibu aliiosha kwa mafuta ya taa na kuifuta kwa kitambaa. Ikakauka yote, isipokuwa mahali pamoja. Kati ya silinda ya tatu na ya nne, juu, pale inapolala hedi, kifuniko cha juu cha injini, ulibaki mstari wa unyevu mwembamba kama unywele. Aliufuta. Ukarudi. Aliufuta tena, akangoja, ukarudi tena.

Akaketi juu ya ndoo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakumwambia mtu afanyeje ufa ukiwa ndani ya chuma cha kutupwa, umetoka kwenye silinda umefika kwenye njia ya maji. Injini ya kawaida ingeweza kuishi nao kwa kubembelezwa. Hii waliyokuwa wanaiunda, yenye turbo ya kuisukumia pumzi, ingeupasua ufa ule kama mtu anavyopasua kuni. Na bloku nyingine ya aina ile haikuwepo. Shemeji alishaitafuta kila yadi, alitaka ya akiba.

Alikata shauri kuwaambia Jumamosi. Jumamosi ikafika. Alitoka na maneno yake mdomoni, akawakuta wanawe wawili wameketi kwenye ngazi, hedi imelala mapajani mwao, wanalainisha njia zake za hewa kwa msasa. Walikuwa wanakunywa soda ya chupa moja, kwa kupokezana. Binti alikuwa anasimulia siku za mwisho za mama yao, kwa sauti ya chini, bila ukali. Kijana ameinamisha kichwa, msasa haumwendi tena mkononi.

"Nilikuwa naogopa, dada," alisema. "Si kwamba sikuwa na nafasi. Nilikuwa naogopa kumwona vile."

"Na mimi nilikuwa naogopa," binti akajibu. "Mimi tu sikuwa na pa kukimbilia."

Taratibu akarudi ndani na maneno yake.

Siku ya kazi katikati ya wiki, nyumba ikiwa tupu, aliujaza ufa kwa gundi ya chuma. Akaulainisha kwa msasa hadi kidole hakikuuona. Kisha akapachika gasketi, akaiweka hedi mahali pake, akazifunga boliti zote peke yake.

Kijana alipoona alinuna. "Baba, si tulisema tutaifunga pamoja?"

"Nilipata nafasi."

Shemeji akamtazama. "Wewe? Umeharakisha?" Alisema kwa utani, lakini jicho lake lilikaa juu ya Taratibu kuliko utani unavyohitaji.

Na hapo pengine bado pangerekebishika. Mtu anaweza kumeza neno moja na kulitapika kesho yake. Lakini Taratibu aliendelea kujiambia: wiki moja zaidi. Wakizoeana vizuri, nitasema. Akawa anatafuta sababu. Pampu ya oili akaifungua na kuifunga ingawa haikuwa na kosa lolote. Nyaya akazibadilisha rangi. Watu wakatania kwamba safari hii Taratibu amelipata jina lake kihalali.

Kisha kijana akaja siku moja anang'aa uso. "Nimeaga kazini," alisema. "Jamaa wa pale kiwanjani wananichukua. Wanataka dereva mwenye gari lake. Nimewaambia injini ya baba yangu hakuna anayeiweza."

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi mbele ya Taratibu, mpana kuliko wakati wowote. Alichoweza kusema ni, "Taratibu, mwanangu."

"Baba naye!" Kijana akacheka, akampiga begani.

Usiku wa siku hiyo hakulala. Usiku uliofuata pia.

Siku ya kuiwasha waliifunga injini kwenye fremu ya vyuma uani, wakaunganisha rediyeta na dumu la petroli. Majirani walijaa juu ya ukuta. Fundi cherehani alivaa shati jipya alilolishona mwenyewe. Binti alikagua nyaya, akainua kidole gumba. Kijana akageuza swichi.

Ilikohoa mara moja, mara mbili, halafu ikashika. Haikuwa sauti ya lori. Ilikuwa nzito na safi, kila silinda inaingia pale mwenzake anapoachia, na glasi ya maji aliyoiweka shemeji juu ya hedi haikumwagika hata tone. Binti alimkumbatia nduguye shingoni na kupiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Taratibu aliweka kiganja chake juu ya chuma. Katika maisha yake yote hakuwahi kuunda kitu kizuri namna ile.

"Iache hivyo hivyo," alimwambia kijana sikioni. "Usiongeze."

"Kidogo tu, Baba. Watu waisikie."

Akaongeza. Sauti ikapanda, turbo ikaanza kupiga mluzi, watoto ukutani wakaziba masikio. Ndipo kitu kikalia ndani, *ta*, kama fimbo kavu. Moshi mweupe ukafumuka nyuma, rediyeta ikatapika, injini ikagugumia na kunyamaza. Shemeji alipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Waliifungua kesho yake. Hedi ilipotoka, ufa ulikuwa wazi, umeachama kutoka silinda moja hadi nyingine. Binti akatoa kioo chake cha kukuzia, kile cha kutazamia simu, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Akachokonoa kwa ncha ya sindano, akatoa chembe ya kijivu.

"Hii ni gundi," alisema.

Kijana akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama chini. Nani aliifunga hedi, na siku gani, wote walijua.

"Baba. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu iliporudi kukerezwa."

"Siku naaga kazini ulijua?" Hilo lilikuwa la kijana.

Taratibu alifungua mdomo. Alitaka kuwaeleza habari ya ngazi, ya chupa moja ya soda. Alitaka kusema kwamba hakuna injini ulimwenguni aliyoitaka kama vile alivyowataka wao wawili chumba kimoja. Lakini ulimi ukawa ule ule wa siku zote. "Nilijua," akarudia.

Kijana aliweka spana chini, polepole, bila kuirusha, na hilo lilimuuma baba kuliko kama angeirusha. Akatoka. Binti alibaki kidogo, akakusanya vifaa vyake kimojakimoja.

"Mama alituficha ugonjwa wake mpaka ukashindikana," alisema bila kumtazama. "Nikadhani angalau wewe ungetuambia." Akamfuata nduguye.

Shemeji alikuja tena mara moja, kuchukua sanduku lake la vyuma. Alisimama mlangoni, amenyong'onyea. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Ningeweza kukaa kimya pamoja nawe, shemeji. Ungeniambia tu." Naye hakurudi.

Kazini kwa kijana nafasi yake ilishajazwa, na wale wa kiwanjani hawakuhitaji dereva asiye na gari. Mwishowe akapata lori la masafa marefu, mbali, kwenye mji ambao hata ndugu wa kumpokea hakuwa nao. Binti alimtumia baba yake chakula kwa mtoto wa jirani. Simu alipokea, akajibu "mzima, asante," kisha akasema ana mteja. Taratibu alijaribu kurudi gereji. Walimpa kiti na chai, hawakumpa kazi. Bloku ilibaki sebuleni, wazi, ikaanza kushika kutu kwenye zile silinda zilizokuwa kioo.

Fundi cherehani peke yake aliendelea kupita. Siku moja aliingia, akakaa ukingoni mwa kochi, akapapasa goti lake kama mtu aliyebeba habari asiyejua pa kuitua.

"Nimewaona wanao, stendi. Binti anamsindikiza mdogo wake safari."

Taratibu alikuwa anakula. Kijiko kikasimama. Stendi ilikuwa mtaa wa pili. Ili ufike huko ni lazima upite mbele ya mlango wake.

"Walikuwa wanasemezana?" aliuliza.

"Sana. Kamfungia chakula, kamnunulia maji. Gari linaondoka bado kamshika mkono dirishani."

"Wananitaja?"

Fundi cherehani alitazama mlango, akatazama bloku, akatazama viatu vyake.

"Sikuwa karibu kiasi hicho, jirani."

Taratibu aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Akamkaribisha chakula, jirani akasema ameshiba. Basi akamaliza kilichokuwa kwenye sahani, akaiosha, akaifunika, na kwa kuwa jua lilikuwa bado juu na hapakuwa na jambo jingine la kufanya, akarudi kukaa.