Mzee Aliyetoka Kwenye Filamu

Kisa hiki sikuhadithiwa. Nilikuwa mjini Sultan Hamud, nyumbani kwa mpiga picha, na tochi niliishika mimi mwenyewe.

Mama mmoja mzee kutoka mji wa Kwa Vonza alileta kipande cha filamu ndani ya leso. Ndiyo picha pekee ya marehemu mumewe, na haikuwahi kutolewa kwenye karatasi. Miaka yote alikuwa akiiinua dirishani aone ile sura.

Mpiga picha hakuwa na mashine ya kuchapa picha. Aliziba dirisha kwa blanketi, akalaza filamu juu ya karatasi ya picha, akafunika kwa kioo, nami nikamulika. Karatasi ilipoingia kwenye beseni la dawa, mzee akatokea akitabasamu.

"Mwaitu, mama yetu, mzee wako huyo!" mpiga picha akasema.

Mama akaitazama picha, akaiinamisha, akaitazama tena. "Huyu simjui. Wangu ana nywele nyeupe, na uso unang'aa."

"Hiyo ni filamu, mama," mpiga picha akamweleza. "Filamu hugeuza nyeusi kuwa nyeupe."

"Basi miaka hii yote nimekuwa nikiongea na nani?"

 Mama akafunga filamu yake kwenye leso, akaenda.

Msomaji, kabla hujamrudishia mjane mume, muulize kwanza amemzoea yupi.

Nimeongeza chumvi mahali pamoja tu. Mzee hakutabasamu, alitazama kama mtu anayengoja kuitwa. Picha iliachwa, nikaichukua, sasa iko mezani kwangu, na kula kila jioni mbele ya uso ule unaongoja kuitwa si rahisi.