Usimnyolee Mama Aliye Hai

Leo nimemtoa mgeni sebuleni, soda yake haijafika hata nusu.

Ni mwandishi, katoka Dar. Anaandika riwaya ya Kahama ya miaka ya sabini, kuhusu mama mwenye kansa ya titi. Kasikia mama yangu alikufa nayo, akanifuata hapa kwangu Nyahanga, Kahama, anisomee, nimwambie kama kapatia.

Kasoma vizuri, sikatai. Safari ya treni, dawa, nywele za mama kupukutika.

Halafu binti anachukua wembe, ananyoa kipara ili amuunge mkono mama yake. Mama anacheka kwa furaha!

"Rudia hapo," nikamwambia.

Akarudia. Anatabasamu kabisa.

"Mwanangu, kwetu tunanyoa tukishazika. Huyo binti kamtangazia mama yake kifo, na mama anacheka?"

Mnajua alijibu nini?

"Lakini mama, hapo ndipo wasomaji watalia."

Walie kwa mama wa nani?

Miaka ile mama yangu titi limeoza, mkono umevimba, lakini kila Jumapili ananikalisha chini anisuke. Vidole havina nguvu, mistari imepinda, wenzangu kisimani wananicheka. Siku niliyomwomba ninyoe tu, alinizaba kofi.

"Ukipita sokoni na kipara, watu wataleta kuni za msiba na mimi bado nakula!"

Nilinyoa tulipokwisha kumzika. Kuni zilikuwa zimejaa uani.

Haya, niambieni. Nilipaswa kumwacha amalize soda?