Sheria ya Meli Imefika Keroka

Jumatatu nilikuwa kwa zahanati moja ya upande wa Kisii hapa Keroka, mji wetu huu ambao upande mmoja ni kaunti ya Kisii na mwingine Nyamira. Akaingia mama kijana, ameshika kiuno, uchungu wa kuzaa umembana. Karani akaangalia kadi yake ya kliniki. "Hii ni ya Nyamira. Rudi upande wenu."

Mzee mmoja kwa benchi, aliyefanya kazi ya redio kwa meli, akasimama. "Karani, zamani kituo cha redio kilikuwa kinanyamazia meli yenye redio ya kampuni ingine. Mataifa yakakaa chini, yakaandika sheria: jibu meli yoyote, na anayeomba msaada atangulie."

"Mzee, hapa kuna bahari?"

Yule mama akashika meza. "Baba zangu, hiyo bahari mtamaliza baadaye. Huyu anakuja."

Nilicheka, na mnajua kicheko changu husikika hadi barabarani. Nesi akatoka ndani kutafuta mwenye kelele, akamwona mama, akamshika mkono wakaingia. Kadi hakuuliza.

Mimi shule niliacha mapema, lakini hiyo sheria nimeielewa vizuri. Tukasikia mtoto analia. Karani akaniuliza sasa aandike ni wa kaunti gani. Nikamwambia aandike amefika salama.