Kura Niliyompigia Mwanangu

Jumapili saa mbili asubuhi watu walikuja kwangu Rasbura kunizikia mtoto, na mtoto mwenyewe yuko uani anaosha vyombo.

Sitanii.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yangu Mastura. Kabeba unga kwenye mfuko, kanga kajitanda hadi usoni. Akaniangukia shingoni.

"Pole shoga yangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Kazi gani tena, Mastura?"

Alikuwa analia kweli kweli.

Nyuma yake wakaja wanawake wanne ninaosoma nao madrasa. Nyuma yao akaja Mfaume, mtani wetu, na jembe begani.

Kwetu huku habari ya msiba haiulizwi kwenye simu. Ukisikia, unafunga mlango unakwenda. Utampigiaje mtu umuulize, "Eti ni kweli mwanao kafa?" Nani ana mdomo huo?

Basi Mwanahija akatokea uani, povu la sabuni mikononi.

Mastura alipiga ukelele mmoja, akakaa chini pale pale.

Mfaume alimwangalia binti kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe! Umefufuka bila taarifa? Nimeacha chai yangu ya moto kwa ajili yako. Haya, niambie jembe hili nalirudishaje nyumbani, mke wangu ataniuliza nimezika nini."

Watu wakacheka huku wanafuta machozi.

Mwanahija hakucheka. Alinitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Kisha akarudi kwenye vyombo vyake.

Naandika haya kwa ajili ya kina mama wenzangu. Nisomeni hadi mwisho, msije mkafanya nilichofanya.

Mwanahija ana miaka kumi na tisa, na ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Si kile cha kukwama neno moja moja, chake ni karibu kila neno. Akienda dukani akianza "na-na-na", muuzaji anammalizia: "Nazi? Nanasi? Nauli?" Waliopo wanaangua kicheko.

Akaacha kwenda dukani.

Kidato cha nne alimaliza, alama nzuri tu. Akaitwa kwenye usaili wa kazi mara mbili. Mara zote mbili aliishia mlangoni akarudi nyumbani.

Kwa hiyo mimi kila sala nilikuwa na ombi moja: mwanangu aseme.

Sasa kuna Shamimu. Huyu ni binti wa rafiki yangu, marehemu. Nimemlea tangu yuko darasa la tano. Kala kwangu, kalala kwangu, sare zake za shule nimeshona mimi kwenye cherehani hii hii inayonilisha. Hadi leo ananiita mama.

Shamimu ndiye aliyemwingiza Mwanahija kwenye mchezo wa mezani.

Mchezo wenyewe nilivyouelewa ni kama hadithi za bibi, ila kila mtu anaingia ndani ya hadithi. Mmoja ni msimulizi, huyo alikuwa Shamimu. Wengine kila mmoja anabuni mtu wake na kumwandika kwenye karatasi: jina, tabia, anachoweza na asichoweza. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye lango, askari kawazuia, mnafanyaje?" Unasema unachofanya, unarusha dadu. Dadu ikikubali umepita. Ikikataa, imekula kwako.

Na walikuwa na sheria yao: aliyeshika dadu hakatizwi. Hata akikaa robo saa hajamaliza neno, mnasubiri.

Mwanahija alibuni mwanamke anaitwa Bi Tumu, wakili mbele ya Jumbe, mtawala wa mji wa zamani wenye kuta za mawe. Fikiria! Mtoto mwenye kigugumizi anachagua kuwa wakili.

Walikuwa wanachezea hapa kwangu, na miezi ya kwanza walikuwa wanamsubiri. Severini, kijana wa Kipatimu anayecheza nao, ana subira ya ajabu. Anakaa anamtazama tu, wala hatikisi mguu.

Mwaka wa pili, siku moja niko nashona, nasikia sauti ya mwanamke chumbani inafoka: "Ewe Jumbe, mtu huyu hajaiba! Mleteni shahidi!"

Nikafikiri wana mgeni.

Nilipochungulia, alikuwa mwanangu. Maneno yanamtoka kama maji.

Nilikaa chini nikalia hadi nyuzi zikaloa.

Hapo ndipo ilipoingia laivu.

Shamimu alikuwa anatazama vijana wa nje wanaocheza mchezo huo mbele ya kamera, wamevaa, wamepakwa rangi, wanalia machozi. Akasema na sisi tuonyeshe moja kwa moja mtandaoni. Siku ya kwanza tu watazamaji mia nne. Akachanganyikiwa.

Ugomvi ukaanza. Nilikuwa nausikia wote, maana ukuta wangu ni mwembamba.

"Severini, unazubaa," Shamimu anasema. "Watu hawatazami karatasi. Wanataka hisia. Lia kidogo!"

"Nilie nini, na mtu wangu hajaumia?"

"Ndiyo maana unaboa."

"Mimi nacheza, siigizi. Dadu ikisema kafa, kafa. Ikisema kapona, kapona. Wewe siku hizi unajua mwisho kabla hatujakaa."

"Maoni umeyasoma lakini? Wanasema bora hivi!"

"Na wengine wanasema mmetuharibia mchezo. Hao huwasomi."

Kweli, hata huko kwenye maoni walikuwa wanatukanana. Kundi moja linasema bila maigizo mchezo umedoda. Kundi la pili linasema nendeni mkacheze tamthilia, mtuachie meza yetu.

Shamimu akabadilisha mambo mawili. La kwanza, majina ya kubuni yakaondoka, kila mtu akaitwa jina lake halisi, eti watazamaji wanayashika haraka. Severini akagoma: "Mtu wa mezani ni mwingine, na aliyemshika ni mwingine." Hawakumsikiliza.

La pili, ile sheria ya kutokatizana ikafutwa. "Laivu haina kusubiri," alisema Shamimu.

Nikamuona mwanangu anaanza kukwama tena. Kidogo kidogo. Nikamuuliza, "Vipi, mwanangu?" Akasema, "Po-poa tu, mama."

Wiki ile Shamimu alikuja kwangu na kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nishonee Mwanahija gauni la laivu ya Jumamosi. Safari hii tunafanyia kwangu, itakuwa siku yake. Halafu kuna kura, mama. Watazamaji wanaandika jina la mtu mmoja. Mpigie mwanao, na wamama wote waambie wamwandike. Usimwambie yeye, tumfanyie sapraizi."

Nikaona mambo si ndiyo haya. Shindano! Mwanangu ashinde, roho yake ipande, kigugumizi kikimbie.

Sikumuuliza Mwanahija. Sikumuuliza Severini. Kura ya nini, sikuuliza. Huyu si mgeni, huyu ni Shamimu wangu.

Nikashona gauni. Nikapita nyumba kwa nyumba kama mgombea udiwani. Wanawake wa madrasa, wateja wangu, ndugu zangu wa Miteja wenye simu kubwa, wote nikawapanga. "Jumamosi baada ya alasiri, andikeni Mwanahija. Msiniangushe!"

Na mimi nikaandika wa kwanza.

Simu yangu ilikuwa haina bando la kutosha. Nikaandika jina, ikakata. Nikaendelea na pindo la sketi ya mtu, roho yangu nyeupe.

Magharibi Mwanahija akarudi. Kavua gauni, kalikunja vizuri, kaliweka juu ya cherehani. Akaenda kulala bila kula. Nikajua kachoka na furaha.

Asubuhi ndiyo wakaja wenye unga na jembe.

Mfaume ndiye aliyetoa simu yake tukaona klipu. Shamimu analia mbele ya kamera, anasema, "Mwanahija hatunaye tena." Mwanangu kalala juu ya meza na gauni langu jeupe. Watu wa mbali walioona kipande hicho peke yake wakasambaza habari ya msiba, na wenzangu walioandika jina wakafunga simu wakaamini.

Severini akafika akihema. Kaona klipu inazunguka, kaja mbio kututuliza. Nikamvuta pembeni.

"Severini, mwanangu, kulikuwa na kura ya nini jana?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Mama, wewe hujui?"

"Sijui."

"Kura ya nani afe."

Nikamwambia anieleze yote.

"Dadu haikurushwa kabisa," akasema. "Shamimu alisema watazamaji ndio waamue. Mwanahija akaomba angalau ajitetee, Bi Tumu si wakili? Akaanza kusema, akakwama. Shamimu akamkatiza, akasema muda umekwisha, tusome kura. Akasoma kwa sauti jina la aliyepiga kura ya kwanza: Mama Mwanahija, kamwandika Mwanahija. Halafu akamgeuzia kamera usoni."

Shamimu alikuja baadaye mchana. Hakuja kichwa chini. Alikuja na simu mkononi.

"Mama, umeona? Elfu sita! Na ile sura yake aliposikia jina lako, aisee, hiyo ndiyo imevunja rekodi."

"Shamimu. Ulijua sijui."

"Ungejua usingepiga, mama." Alisema kwa upole kabisa, kama anaomba chumvi. "Ni mchezo tu. Tena wanataka afufuke. Wiki ijayo tunamfufua, nishonee jingine la kijani."

Nilimwambia aondoke. Sikupiga kelele. Nilipofunga mlango nilisikia anasema na mtu kwenye simu: "Mama kakasirika, lakini atapoa."

Nilikwenda kwa Mwanahija nikamweleza kila kitu. Sikujua, nilidanganywa, nilitaka ushinde. Nikamwomba msamaha, mimi mzazi, nikiwa nimepiga magoti.

Alinisikiliza. Akajitahidi sana, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mama, u-u-uli..."

Akaacha. Akachukua simu, akaandika, akanionyesha: Ulizunguka mtaa mzima. Mimi nilikuwa chumba cha pili.

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Severini kamletea karatasi ya Bi Tumu, kasema wanaanza meza nyingine isiyo na kamera. Mwanahija kaiweka chini ya godoro. Hajasema atakwenda, hajasema hatakwenda. Hasemi kitu.

Juzi niko jikoni, simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka kwake: "Mama, chumvi imeisha." Na tunatenganishwa na pazia.

Mama mwenzangu, mtoto wa mwenzio mlee, mpende, lakini jambo la mwanao muulize mwanao. Usimpiganie kwa siri. Unaweza kudhani unamshangilia, kumbe umekuwa wa kwanza kumhukumu, na yeye kalisikia jina lako.