Shamso Aliondoka Asubuhi ya Idd

Kwanza nisahihishe yanayosemwa mtaani. Shamso Gelle, dada wa marehemu mume wangu, hakutoroka. Hakwenda tahribu, ile safari ya kukata jangwa la Libya na kupanda mashua za magendo. Alipanda ndege, mkononi ana pasipoti, viza na tiketi ya kwenda na kurudi, akaenda Iskandaria kumuuguza binti yake uzazi. Waliomwona akiondoka asubuhi ya Idd walimwona kweli. Mengine waliyaongeza wenyewe.

Nimefundisha katika shule za Garissa miaka thelathini na mmoja, na sijapata mwanafunzi mwenye akili ya hesabu kama wifi yangu huyu, ambaye hakumaliza darasa la nne. Shamso ni dalali wa mbuzi. Wanawake wanaoleta mbuzi kutoka Sangailu humtafuta yeye kwanza, kwa sababu hadanganyi umri wa mnyama. Bei huifunga kwa desturi yetu: wawili hushikana mikono chini ya shuka, vidole vikataja elfu na mia, na wanaosimama pembeni wakitoa macho hawaambulii kitu.

Binti yake, Hamdi, anaishi Iskandaria na mumewe anayesomea udaktari wa meno. Nikahi ilisomwa sebuleni kwangu. Mwaka juzi alijifungua huko bila mtu wa kwao, na mtoto hakumaliza siku mbili. Alipobeba mimba tena alimpigia mama yake simu. "Hooyo," alisema, "safari hii usiniache peke yangu." Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, na mama yake ndiye humpikia na kumkanda. Siku za Hamdi zilikuwa zinaangukia wiki moja baada ya Idd ya kuchinja.

Tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya tiketi. Nasteho, msichana niliyemfundisha mwenyewe, alitugeuzia kioo cha kompyuta. Kila tarehe ilikuwa na bei ya kumtoa mtu machozi. Shamso akatandaza ncha ya shuka lake juu ya meza, akapitisha mkono chini yake.

"Leta mkono tumalize."

Nasteho alicheka, akamwita shangazi kwa Kisomali. "Eedo, bei iko ndani ya kompyuta. Mimi siwezi kuipunguza."

"Basi iambie kompyuta itoe mkono."

Waliokuwa wakisubiri nyuma yetu walicheka pia. Niliona aibu, nikamvuta shuka. Shamso hakuona aibu yoyote. Alikuwa anafikiri.

"Ndege ikiruka na viti vitupu, mwenyewe anakula hasara?"

"Anakula, eedo."

"Basi huyo ni mtu wa mbuzi kama mimi. Kabla ya Idd, kila mtu anakimbilia kwao. Baada ya Idd, mahujaji wanarudi. Lakini mbuzi ana bei mpaka jioni ya Arafa. Siku ya Idd yenyewe, asubuhi, nani anamtazama? Nitafutie siku ya Idd."

Nasteho aliandika, akafuta, akaandika tena. "Wallahi!" alisema. Bei ilikuwa imeshuka karibu nusu: Nairobi hadi Kairo, halafu treni mpaka Iskandaria. Kasoro ilikuwa moja. Tiketi hiyo haikuruhusu mzigo, ila mfuko mmoja wa mkononi, kilo saba.

"Shamso," nikamwambia, "siku ya Idd? Watu watasemaje?"

"Watasema. Na Hamdi atazaa."

Nilitaka kumlipia kiti cha siku yenye heshima. Alikataa, akaniita dada. "Abaayo, ukininunulia kiti cha ghali nitakikalia kwa huzuni mpaka Misri." Wiki ya kuelekea Idd ndiyo anayofanya kazi kuliko wiki zote za mwaka; aliuza mbuzi wa watu tangu alfajiri hadi sauti ikamkauka, na kila shilingi ya safari aliitoa kwenye jasho lake.

Kilo saba zote alizijaza nyirinyiri, nyama ya kumlisha mzazi, iliyokatwa ndogondogo na kukaangwa ikakauka. Samli aliichuja yote, kwa sababu Nasteho alimwonya kwamba uwanjani hawapitishi vitu vya majimaji. Tulipima mfuko dukani mara tatu. Nguo hazikubakiwa na nafasi. Kwa hiyo alizivaa: dira nne, yale magauni yetu mapana, moja juu ya nyingine, na sweta la marehemu kaka yake juu ya zote, katika joto la Garissa.

Ndivyo walivyomwona wale waliokuwa wakienda kuswali Idd: mwanamke aliyekuwa mwembamba jana, leo mnene, ana kifurushi kimoja, anaingia kwenye gari la Nairobi huku wenzake wakinoa visu.

Siku ya pili ya Idd alikuja jirani yangu Raho. Alikula nyama yangu kwanza.

"Mwalimu, poleni. Nasikia Shamso ameingia tahribu. Na umri ule!"

"Nani kasema?"

"Alivaa nguo zake zote. Nani huvaa nguo zote kama si mtu asiyerudi?"

"Mtu aliyenyimwa begi," nilimjibu, nikamwongezea chai.

Shamso alifika siku tatu kabla ya uchungu kuanza. Alimshika Hamdi mkono usiku na mchana mpaka mtoto akatoka, mvulana, analia kwa nguvu kiasi kwamba nilimsikia kwenye simu kabla sijamsikia bibi yake. Leo ni siku yake ya kumi na tisa. Jina lake ni Siyad, la mume wangu. Shamso atarudi arobaini ikitimia, na ni siku gani ya bei rahisi aliyoichagua, anajua yeye.

Jana Raho alikuja tena, sasa mpole. Ana dada huko Izmir, Uturuki, mji wa bandari kama Iskandaria, naye angependa kumtembelea. "Niambie tu, mwalimu. Shamso alilipa shilingi ngapi?"

Kwangu mimi, bei ya Shamso ilifungwa chini ya shuka; niliiona, lakini wa pembeni hawaambulii kitu. Sisemi.