Mbio Zilizoishia Jeti ya Mokowe

Sina haja ya kuficha, maana nusu ya watu wa Amu, yaani Lamu, waliona kwa macho yao na nusu nyingine walishasimuliwa kabla ya adhuhuri: ni mimi niliyetoka nje ya mashindano ya magari ya kale kwa kasi ya mtu anayeshinda, nikaja kusimama jetini Mokowe kati ya punda na mifuko ya saruji, helmeti kichwani.

Jina langu Shee, kazi yangu fundi wa injini za boti, na gari lenyewe si langu (fundi wa boti apate wapi gari la mbio?). Ni la Bi Maimuna, jirani yetu, aliloachiwa na marehemu mumewe: kigari cha kijani cha viti viwili, hakina paa, kina umri wa kunizidi mimi. Kwa kuwa Amu hakuna pa kukiendesha, kilikuwa kimelala bandani ng'ambo ya maji huko Mokowe, chini ya turubai, na mimi ndiye niliyekuwa nikivuka kila mwezi kukiwasha kisioze. Niliposikia kutakuwa na mashindano ya siku mbili katika shamba moja nyuma ya Mokowe, nikamwomba. Akasema, "Chukua, Shee. Marehemu alitamani sana kulishindanisha, hakujaaliwa. Sitaki ushindi. Nitakuja Jumapili nilione likimaliza kwa mato yangu haya."

Jumamosi madereva wote tuliambiwa tuizunguke njia kwa miguu pamoja na msimamizi, kilomita nne, ili kila mtu azijue kona. Jua lilikuwa kali, na viatu vyangu vipya (nilivinunua ili nifanane na madereva) vilishanichuna visigino, nikajiambia mtu ninayeijua mikoko yote ya huku na vijia vyake vya maji siwezi kushindwa na shamba la mtu, nikatia sahihi kwamba nimezunguka, nikaenda kujinyoosha kivulini na sahani ya pilau. Ndiyo kosa langu lote, mengine yalijileta. Mpango wangu ulikuwa rahisi: mzunguko wa kwanza nimfuate aliye mbele yangu, nikishaijua njia nimpite.

Jumapili asubuhi bendera ikashuka. Mbele yangu alikuwa daktari wa meno kutoka Malindi, ana gari jeupe, na nyuma yangu walikuja wengine wawili, na vumbi, wallahi, sikuona ila taa za nyuma za daktari. Tulipokwenda kidogo akatoa mkono nje akaupungapunga. Nikaona ananikejeli, nikakanyaga mafuta. Kisha tukapita kwenye geti, yuko mtu anaruka na kupunga bendera ya manjano kwa mikono miwili, nikasema kumbe nina mashabiki, nami nikampungia. Mara tukaingia lami. (Nikawaza, waandalizi hawa wametumia pesa.) Hapo daktari akapunguza mwendo, nikampita, na nikiri kwamba nilipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti.

Niliongoza hivyo mpaka lami ikaisha na mbele yangu pakawa maji.

Nilisimama. Boti kutoka Amu ilikuwa imefika wakati huohuo, abiria wanapanda ngazi, na wa tatu kupanda alikuwa Bi Maimuna, buibui lake jipya, mwavuli, na kikapu.

"Shee!" akasema. "Nawe wafanyani hapa?"

Ningesema kweli hapo, yangeishia hapo. Nikasema, "Nimekuja kukupokea, Bi."

Macho yakamjaa machozi. Akawageukia abiria na wachukuzi, akapaza sauti: "Mwaonani? Kijana huyu ameyaacha mashindano kuja kunipokea miye, mtu mzima!" Watu wakasema mashallah, mzee mmoja akanishika mkono, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, Mungu anisamehe.

Ndipo yakatokea yale magari mawili yaliyonifuata. Dereva wa kwanza akavua miwani, akatazama bahari, akaniuliza mbele ya wote, "Bwana, sasa tunageukia wapi?" Na nyuma yao daktari, taratibu, amekasirika: "Nyinyi mnanifuata nini? Breki zangu zimekufa, nimeonyesha mkono kwamba najitoa, natafuta fundi!"

Hakuna aliyecheka mwanzo. Walimngoja Bi Maimuna. Naye akauliza polepole, "Mashindano yamekwisha?"

"Bado, Bi."

"Na ndia hukuijua?"

"Sikuizunguka jana. Nilitia sahihi tu."

Jeti nzima ikaangua kicheko, hata wachukuzi wakatua mizigo. Yeye hakucheka. Aliingia garini, akaweka kikapu mapajani, akasema, "Twende."

Tulipofika shambani tulikuta tumefutwa wote watatu, na wale wawili walikuwa wamezunguka Jumamosi vizuri tu, ila walisema walidhani mwenyeji anajua zaidi. Nilipewa kipaza sauti nikawaomba radhi. Nilidhani hapo aibu imetosha, lakini Bi Maimuna alimwendea msimamizi, wakanong'ona, kisha akaniambia kwa hasira, "Mume wangu hakuwahi kutia sahihi ya urongo. Zunguka sasa."

Nikaizunguka kwa miguu, kilomita nne, watu wakinitazama kutoka kwenye mahema. Kabla ya geti nikaikuta kona niliyoikosa. Palikuwa na mshale mwekundu unaoelekeza kushoto, mkubwa kama mlango wa nyumba.

Gari bado nalitengeneza mimi, lakini mashindano yaliyofuata Bi Maimuna alimpa ufunguo daktari wa meno, na likamaliza, la nane. Nami nimeapa sitii sahihi tena kwa jambo nisilolifanya, hata likiwa dogo, hata viatu vikinichuna mpaka mfupa.