Mkaguzi Amelalia Mayai

Ukipita nyumbani kwetu Chekalini asubuhi ukamsikia mwanamke mzima akimweleza kuku habari za tarehe na hesabu, usishtuke. Huyo ni Maximilla, binti wa kaka yangu Isaiah. Hana kichaa. Nilimlea mwenyewe baada ya mama yake kufariki, ningejua.

Maximilla huandika programu za kompyuta. Hafanyi kazi kwa simu wala kwa zile kompyuta za kubeba mapajani. Yake ni ya mezani, kubwa na ya zamani, nayo hunguruma kama cherehani yangu ikikosa mafuta. Mimi hushona verandani, yeye yuko chumba cha mbele, na dirisha kati yetu halifungwi. Kwa miaka miwili nimesikia kila kitu, hata nisichotaka kusikia.

Chukua kipanya, kwa mfano. Chake kiliharibika mwaka juzi, na badala ya kununua kingine alijifunza kufanya kila jambo kwa vidole vyake kwenye kibodi: kuruka mistari, kutafuta neno moja katika mafaili yote, kubadilisha jina mahali mia kwa mpigo. Sasa ana kipanya kipya kwenye droo na hakigusi. "Senge, mkono ukitokanga kwa kibodi, akili nayo inatoka," huniambia. Mimi ndiye senge, yaani shangazi; jina langu ni Dinah. Karatasi zangu za kukatia vipimo huzichana na kuzibandika ukutani zikiwa na maandishi yake. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Soma ujumbe wa kosa wote, usiishie mstari wa kwanza. Kila amalizapo kipande cha kazi, huweka toleo lake kando na maelezo mafupi, ili akiharibu leo aweze kurudi jana. Stima ya kwetu hupotea bila kuaga, lakini yeye hajapoteza kazi ya maana. Nakala moja iko kwenye kompyuta, ya pili iko mbali kwenye mtandao, na ya tatu imo kwenye flashi ndani ya mkebe wangu wa vifungo. Siku hizi mkebe huo siruhusu mtu auguse.

Lakini kifaa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kuku. Wenzake wa nchi za mbali, alinieleza, huweka bata wa mpira mezani na kumsimulia kazi yao mstari kwa mstari, maana mtu akijisikia akisema hugundua alipokosea. Hapa Chekalini bata wa mpira utamtoa wapi? Alimchukua kuku wetu mwekundu, akamzoesha kukaa juu ya stuli kwa punje za mahindi, akamwita Mkaguzi.

Programu yenyewe ni ya kikundi cha wafugaji wa maziwa, watu mia moja na arobaini kuanzia kwetu hadi Lumakanda. Unaingiza siku ng'ombe aliyopandishwa, nayo humtumia mwenye ng'ombe ujumbe wa siku ya kuzaa. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu. Miaka thelathini na moja Isaiah alizunguka kwa pikipiki akiwa na mtungi wa mbegu za fahali, akipandisha ng'ombe na kuandika tarehe kwenye kadi, kisha kwenye kitabu chake cheusi. Mwaka jana magoti yalimstaafisha. Maximilla akachukua kadi zote kwa katoni, akaziingiza kwenye kompyuta. Isaiah akabaki na kitabu, akaanza kulalamikia chai. Niliona kinachomuuma si chai, nikanyamaza, na hilo ni kosa langu.

Basi Jumatatu moja akaja Jelagat, mwenyekiti wa kikundi, akitembea kwa hasira tangu kwenye geti.

"Maximilla! Kompyuta yako imenidanganya. Iliniambia ng'ombe yangu itazaa tarehe tano. Leo ni ngapi?"

"Ishirini na mbili, Mama."

"Siku kumi na saba nimekaa nikichunga mkia! Harusi ya mtoto wa dada yangu imefanyika Kapsabet, mimi niko kwa zizi na ndoo!"

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuruhusu. Alisema kikundi kinakutana Jumamosi hapa hapa kwetu. Kama Maximilla hataweza kuonyesha kosa ni nini na kwamba halitarudi, programu inatupwa. Miaka miwili ya kazi, itupwe! Maximilla alimsindikiza, akarudi akakaa mbele ya skrini bila kuandika kitu.

Jumanne alitumia kila chombo alichokuwa nacho. Aliisimamisha programu katikati ya kazi na kuchungulia imebeba tarehe gani. Kila hesabu ilikuwa sawa. Akarudi kwenye matoleo ya zamani, akigawa nusu kwa nusu, kutafuta kosa liliingia lini. Lilikuwamo tangu toleo la kwanza.

"Basi sikukosea kuandika," alisema dirishani. "Nilikosea kufikiria." Akaenda kumtafuta Mkaguzi.

Mkaguzi hakuwapo. Jumapili nilikuwa nimemwekea mayai kumi na mawili kwenye kikapu nyuma ya jiko.

"Senge! Umelaza Mkaguzi wiki hii?"

"Ni kuku, Maxi. Kuku analalianga mayai."

Alichutama kando ya kikapu akaanza kumweleza huko huko, akadonolewa mkono. Nilicheka hadi pini zikanitoka mdomoni.

"Mwelezee baba yako," nikamwambia, zaidi ili aniache nishone. "Hata yeye siku hizi hajibu."

Isaiah aliketi kwenye stuli ya kuku, mikono magotini, uso wa mtu aliyeitwa kanisani kwa nguvu. Maximilla akaanza mstari wa kwanza.

"Hapa nachukua tarehe ng'ombe ilipandishwa..."

"Tarehe gani?"

"Ya kupandishwa, Baba."

"Nimesikia. Gani? Hiyo ya Jelagat nilipandisha mara mbili. Ya kwanza haikushika, ikarudi joto baada ya wiki tatu, nikaenda tena."

Cherehani yangu ilisimama yenyewe. Maximilla alitazama skrini, akamtazama baba yake.

"Programu inatafuta kutoka juu," alisema polepole. "Ikipata tarehe moja inasimama. Hainanga habari na ya pili." Kisha akageuka kabisa. "Baba, ulijua tangu jana?"

"Nilikuwa hapo kwa mahindi, nikamsikia akipiga kelele."

"Na ukanyamaza?"

"Hakuna mtu aliniuliza. Tangu uchukue kadi zangu, kuku ndio unaulizanga."

Nilikasirika kiasi cha kutaka kumtupia makasi. Mtu mzima, ananuna huku mtoto wake anaumia! Halafu nikayaona macho ya kaka yangu, na hasira ikaniisha. Maximilla alikuwa akilia waziwazi. "Pole, Baba," alisema. "Pole sana." Isaiah alikohoa, akainuka, akaenda kuleta kitabu cheusi.

Mnadhani Maximilla alirekebisha mara moja? Hata. Kwanza alitunga ng'ombe wa uongo ndani ya kompyuta, akampandisha mara mbili, akaijaribu programu. Mstari mwekundu ukatokea.

"Mbona unaiacha ikosee?" Isaiah akauliza.

"Nikitengeneza kabla sijaiona ikikosea, nitajuaje nimetengeneza?"

Kaka yangu alilipima neno hilo, akapiga paja. "Hiyo iko sawa!" Na mstari ulipogeuka kijani alipiga paja jingine. Kisha akafungua kitabu. Na huyu wa Wanyonyi, aliyetoa mimba ya miezi minne akapandishwa upya? Mwekundu. Na huyu ambaye fahali wa jirani aliruka ua kabla yangu? Mwekundu kabisa. Siku tatu walikaa hivyo, mmoja akisoma, mmoja akiandika, wakisahau kula. Ng'ombe wote wakorofi wa miaka thelathini na moja waliingia mle ndani, arobaini na mmoja, na ukutani ikaongezeka karatasi yenye mwandiko wa Isaiah: Uliza tarehe gani.

Tarehe mpya ya ng'ombe wa Jelagat ilitoka kuwa Ijumaa.

Jumamosi watu walijaa uani. Maximilla alitoa skrini hadi verandani, akaeleza kosa lake bila kumsingizia yeyote, halafu akaanzisha majaribio. Isaiah alisimama kando akisoma majina ya ng'ombe kitabuni, na kila mstari ukitoka kijani mwenye ng'ombe alipaza sauti, "Hiyo ni yangu!" Tulipofika kwa yule wa fahali wa jirani, watu walicheka hadi jirani mwenyewe akalazimika kucheka. Majaribio arobaini na moja, yote kijani. Ndipo Jelagat akasimama.

"Jana, wakati wa kukamua," alisema. "Ndama jike. Na bado mna deni la harusi yangu." Lakini alikuwa akitabasamu, na mkono wake ndio ulioinuka wa kwanza programu ilipopigiwa kura. Sikuona mkono uliobaki chini.

Nilichinja jogoo. Mkaguzi hakuguswa, alikuwa kazini. Sasa, kwetu firigisi, tunayoiita imondo, ni ya mwenye boma. Nimepika kuku tangu nikiwa na miaka tisa, na kila mara nimeitoa sufuriani, nimeiweka kwenye sahani ya mwanamume, nimerudi jikoni. Siku hiyo nilimwekea Isaiah yake kama kawaida. Akaichukua kwa vidole, mbele ya wageni wote, akaiweka kwenye sahani ya Maximilla.

"Imondo ni yako," alisema. "Kula."

Maximilla aliitazama, akainuka na sahani yake, akaja hadi jikoni nilipokuwa. Aliikata vipande viwili kwa kisu changu cha vitunguu.

"Na hii ni ya mwenye alilaza Mkaguzi."

Ni nyama ngumu kidogo, na tamu. Niliitafuna polepole, nimesimama mlangoni ili wote wanione.